Daftari la Watu Kumi na Watatu

Ukurasa wa kwanza umeliwa na mende,
kwa hiyo siwezi kuapa tulianza mwaka gani.
Najua tu mvua ilikuwa imekatika
na Lisamula, fundi wa viatu pale Gichagi,
alishona mpira kwa ngozi ya kiti cha gari,
ukatoka na tumbo upande mmoja
kama mtu aliyeficha mkate ndani ya koti.

Tulikuwa kumi na watano, kama wenzetu wa barabara ya Ngong.
Kisha Omuga akapata kazi ya ubawabu Doha,
na Gathitu akaokoka,
akasema Bwana hapendi watu wakumbatiane matopeni.
Tukabaki kumi na watatu, tunatazamana.
Mwalimu Adagala ndiye aliyesema:
ipo raga ya idadi hii hii, nimeisoma;
unakabwa mara sita, kisha unautoa mpira
bila kinyongo.
Hivyo ndivyo tulivyoingia ligi: kwa upungufu.
Wengine huchagua. Sisi tulihesabu vichwa.

Kiwanja chetu cha Kangemi kiliinamia mto.
Kipindi cha kwanza tuliteremka,
cha pili tulilipa.
Mpira ukiponyoka, mtoto wa Mama Khavere
aliufuata hadi majini kwa ujira wa andazi.
Andazi limo humu: shilingi tano, tano, tano, kumi
(unga ulipopanda alidai nyongeza, akapewa).

Mimi sikucheza. Niliandika.
Niliandika jino la Musembi, la mbele, la kushoto,
lililookotwa Jumanne na mchunga mbuzi.
Niliandika jezi kumi na tatu, rangi ya samli,
msaada wa kampuni ya kuua kunguni,
mgongoni zina namba ya simu.
Timu ya Dandora tulipoifunga
waliipiga ile namba usiku kucha, kututukana.

Miaka ya ushindi haina maneno mengi.
Ukishinda unaimba, huandiki.
Miaka ya kufungwa ndiyo iliyomaliza wino:
arobaini na nane kwa nne, kule Kayole,
na hizo nne alizileta Shikanda
akiwa amevunjika kidole, hana habari,
mpaka alipoinama kufungua kamba za viatu.

Kisha ukurasa huu. Siupendi.
Asubuhi moja tulikuta mabati yamezunguka
na rangi nyekundu: KIWANJA HIKI HAKIUZWI,
maneno yanayoandikwa
juu ya kitu kilichokwisha kuuzwa.
Tukaenda kwa chifu. Chifu ana mgeni.
Tukaenda tena. Mgeni hajaondoka.
Mara ya sita Mwalimu Adagala alisimama mlangoni,
akasema: tumekabwa sita, sheria ni sheria.
Akautoa mpira kwapani,
ule ule wa Lisamula, wenye tumbo,
akauweka juu ya faili za chifu,
akarudi nyuma hatua kumi, akangoja.

Chifu hakuujua mchezo.
Hakujua kwamba anayekabwa ni mwenye mpira.
Jumatatu Musembi alikuja na pengo lake, kuuliza.
Jumatano Lisamula, anataka ngozi yake.
Ijumaa Mama Khavere alileta bili ya maandazi ya miaka saba,
akaketi, akavua viatu.
Kabla ya mkabo wa tano chifu alihamishwa.

Sisemi tulishinda.
Nyumba ilijengwa, orofa nne,
na milingoti yetu wapangaji wanaanikia mashuka.
Tunafanya mazoezi nyuma ya kanisa la Gathitu,
yeye yule,
hadi saa kumi na mbili, hakuna kelele.
Hatoki nje. Lakini pazia la ofisi yake hutikisika,
na juzi, tulipobishana kama ni wa nne au wa tano,
sauti ilitoka dirishani: wa tano.

Mwezi huu.
Kodi ya uwanja: hakuna.
Sabuni: sitini.
Andazi: yule mtoto sasa ndiye namba tisa,
hadai tena.